Wakishasaini hati ya maelewano ya reli, wanaongea nini tena?

Swali la msomaji: "Serikali mbili jirani zilisaini hati ya maelewano ya kujenga reli itakayounganisha nchi zao. Mawaziri walishikana mikono, picha zikapigwa. Huu ni mwaka wa nne, hakuna hata tuta, na kila tukiuliza tunajibiwa kwamba mazungumzo yanaendelea. Kama walishakubaliana, wanaongea nini muda wote huo? Au tunapigwa danadana?"

Nianze na neno lako la mwisho. Inawezekana kweli mnapigwa danadana, na nitakupa namna ya kulijua hilo. Lakini miaka minne peke yake haithibitishi lolote. Reli ya China, Kyrgyzstan na Uzbekistan ilianza kuzungumzwa miaka ya 1990, na mkataba wa serikali hizo tatu ukasainiwa Juni 2024. Hata TAZARA, iliyojengwa kwa haraka ambayo miradi michache imewahi kuwa nayo, haikuanza siku ya saini. Zambia ilikuwa imebanwa tangu Rhodesia ijitangazie uhuru Novemba 1965, maana shaba yake ilipita huko huko kwenda baharini. Makubaliano na China yalisainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Miaka mitatu ya katikati ilikwenda kwenye upimaji wa njia, vikao vya wataalamu na itifaki za mkopo, na hapo hakukuwa na upande hata mmoja uliokuwa unavuta miguu.

Kazi yangu ni kuandika rasimu za mikataba ya namna hii na kukaa nyuma ya wakuu wa msafara wakati ibara zinapobishaniwa. Jibu langu lote limo katika jambo moja nililojifunza humo: mkataba wa reli huandikwa kwa ajili ya siku ambayo serikali hizo mbili, pengine zikiwa na viongozi wengine kabisa, hazitakuwa zinaelewana, huku treni ikitakiwa kupita alfajiri kama kawaida. Kukubaliana kwamba reli ijengwe ni kazi ya mchana mmoja. Kukubaliana nani atafanya nini mambo yakiharibika ndiko kunakokula miaka.

Kwanza tuelewane kuhusu ile hati mliyoiona ikisainiwa. Hati ya maelewano kwa kawaida hutamka nia tu. Inasema tutafanya upembuzi yakinifu, tutaunda kamati ya pamoja, tutakutana tena. Ukiisoma utakuta maneno kama "pande zote zitajitahidi", na mara nyingi kuna kifungu kinachosema wazi kwamba haimfungi mtu kisheria. Mkataba ni kitu kingine. Chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba, nchi ikishafungwa na mkataba inapaswa kuutekeleza kwa nia njema, na haiwezi kutoa sheria yake ya ndani kama kisingizio cha kutoutekeleza. Kwa hiyo siku mawaziri walipopeana mikono ndiyo siku mazungumzo yalipoanza. Hakuna aliyewaeleza hivyo, na ninaona hilo ni kosa la serikali zote mbili, kwa sababu wananchi walioachwa waamini kwamba kila kitu kimeisha wana haki ya kuhisi wamedanganywa.

Humo ndani kuna wahandisi, watu wa hazina, wanasheria wa wizara ya mambo ya nje, uhamiaji, forodha, polisi, na watu wa mazingira na ardhi. Rasimu huwa imejaa mabano ya mraba. Kila neno lililo ndani ya mabano bado halijakubaliwa, na mara nyingine ubavuni pameandikwa ni upande gani unalitaka na upande gani unalikataa. Ukitaka kujua mazungumzo yamefika wapi, hesabu mabano. Nimeona kikao cha siku tatu kikiisha kwa kuondoa jozi mbili tu, na wajumbe wakarudi kwao wakijua wamefanya kazi nzuri.

Mabano ya kwanza huhusu mahali. Reli mbili zinakutana wapi hasa? Mtu wa kawaida huona hilo ni suala la wahandisi: chora mstari ulionyooka, epuka mlima, tafuta mto mwembamba. Lakini nukta ya kuvukia mpaka ndiyo inayoamua mji gani utapata stesheni, nchi ipi itajenga kilomita nyingi zaidi, na ardhi ya nani itatwaliwa. Kama mpaka wenyewe haujawekewa alama sawasawa, kuchora reli juu yake ni sawa na kukiri upo wapi, na hakuna mwanasheria atakayeiruhusu serikali yake ikiri jambo hilo kwa njia ya mchoro wa tuta. Ongeza hapo upana wa njia, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya reli. Ukiwa na milimita 1,435 upande mmoja na 1,067 au 1,520 upande wa pili, lazima mkubaliane mzigo utahamishwa wapi, maana huko kwenye kuhamisha ndiko kutakuwa na maghala, ajira na tozo.

Halafu linakuja suala ambalo kwangu ndilo gumu na zuri kuliko yote: sheria ya nani inatumika ndani ya treni, ndani ya stesheni, na ndani ya handaki? Tazama Uingereza na Ufaransa walivyolishughulikia kwenye njia ya chini ya bahari. Mkataba wao ulisainiwa Canterbury tarehe 12 Februari 1986. Kwanza uliuweka mpaka ndani ya handaki, kwa kuuteremsha wima kutoka kwenye mstari waliokwisha kukubaliana mwaka 1982 kuhusu sakafu ya bahari. Kisha ukauliza swali ambalo wengi wetu tusingelifikiria: wachimbaji wa upande mmoja wakipitiliza mpaka kabla ya kukutana na wenzao, kipande hicho kiko chini ya sheria ya nani? Jibu likaandikwa: kwa mambo yaliyotokea kabla vipande havijaunganishwa, inatumika sheria ya nchi ambako kazi hiyo ilianzia. Waliandika hata rasilimali zikigunduliwa wakati wa kuchimba zitafuata sheria ya nani. Wachimbaji wa pande mbili walikutana chini ya bahari Desemba 1990, na hakukuwa na la kubishania.

Bado ukaguzi wa pasipoti na mizigo ulihitaji itifaki yake peke yake, iliyosainiwa Sangatte Novemba 1991. Humo walikubaliana kwamba maofisa wa Ufaransa wafanye kazi kwenye ardhi ya Uingereza na wa Uingereza kwenye ardhi ya Ufaransa, ili abiria akaguliwe na nchi zote mbili kabla ya kupanda. Kwa abiria ni raha tupu. Kwa wanasheria ni mlima. Ofisa wa kigeni akimkamata mtu kwenye ardhi yako, anamshikilia kwa muda gani? Anampeleka wapi? Akimpiga, anashtakiwa mahakama ya nani? Mtu akiomba hifadhi ya ukimbizi pale pale kwenye dirisha la ukaguzi, ombi ni la nchi ipi? Kila swali hapo ni ibara, na kila ibara ina wizara isiyotaka kuachia hata inchi moja ya mamlaka yake. Tangu mkataba mkuu hadi itifaki hiyo ilipita miaka zaidi ya mitano, na hao ni majirani wenye uzoefu mkubwa wa mikataba.

Na jambo la namna hiyo likikubaliwa vizuri hudumu kuliko wenyewe walioliandika. Mjini Basel, kwenye ardhi ya Uswisi, kuna stesheni ya reli ya Ujerumani. Msingi wake ni mkataba wa Julai 1852 kati ya Uswisi na Utawala wa Baden. Baden kama dola haipo tena. Stesheni ipo, na treni zinapita.

Fedha nitazieleza kwa ufupi zaidi, ingawa ndizo zinazoandikwa sana magazetini. Watu hudhani kila nchi inalipia kipande kilicho kwake. Mara nyingi haiwi hivyo. Handaki la Lyon hadi Turin lina urefu wa kilomita 57.5, na karibu 45 kati ya hizo ziko Ufaransa. Hata hivyo, katika makubaliano ya mwaka 2012, kwenye gharama inayobaki baada ya mchango wa Umoja wa Ulaya, Italia ilibeba asilimia 57.9 na Ufaransa 42.1. Ukiangalia namba hizo peke yake utasema Waitalia wamepigwa. Lakini Ufaransa ilikuwa na mzigo mkubwa zaidi wa kujenga njia za kuingilia handakini upande wake, kwa hiyo hesabu ilisawazishwa kwa mradi wote. Hesabu za namna hiyo huchukua miezi kwa sababu kila upande unaleta makadirio yake, na hakuna anayeamini makadirio ya mwenzake. Uingereza na Ufaransa zilikwepa ugomvi huo kwa kuandika kwamba njia yao isitumie fedha wala dhamana ya serikali, wakamwachia mwekezaji binafsi. TAZARA ilikuwa na mkopeshaji wa tatu, China, aliyetoa yuan milioni 988 bila riba. Akiwepo mkopeshaji, jua kuna mazungumzo mengine sambamba, na rasimu ya mkataba haiwezi kufungwa kabla ya rasimu ya mkopo.

Kuna mtego mmoja hapa ambao naomba uuangalie. Mkataba unaweza kuwa mzuri mpakani na ukawa umeisahau reli ya kufika mpakani. Denmark na Ujerumani zilisaini mkataba wa njia ya Fehmarn, handaki la chini ya bahari kati ya nchi hizo, mwaka 2008. Handaki ni jukumu la Denmark, na reli ya kulifikia upande wa Ujerumani ni jukumu la Ujerumani. Kipande hicho cha Ujerumani kimechelewa, na handaki bila njia ya kulifikia halina kazi.

Sasa nije kwenye kiini. Malaysia na Singapore ndizo zinazonifundisha zaidi kuliko nchi nyingine zozote, kwa sababu zimeandika hati mbaya na hati nzuri, na matokeo yote tumeyaona.

Reli ya Malaysia ilikuwa ikiingia hadi katikati ya Singapore, stesheni ya Tanjong Pagar, kwenye ardhi iliyokuwa chini ya shirika la reli la Malaysia kwa hati za miaka 999 tangu enzi za ukoloni. Tarehe 27 Novemba 1990 Lee Kuan Yew, siku moja kabla ya kuondoka uwaziri mkuu wa Singapore, na waziri wa fedha wa Malaysia, Daim Zainuddin, walisaini hati fupi ya kuihamisha stesheni na kuiendeleza ardhi hiyo kwa ubia, Malaysia asilimia 60 na Singapore 40. Ukiisikia hivyo, mambo yameisha. Lakini nchi hizo zilitofautiana kuhusu lini utekelezaji unaanza na nini maana ya vifungu vyake. Agosti 1998 Singapore ikahamishia ukaguzi wake Woodlands, karibu na mpaka. Malaysia ikabaki Tanjong Pagar. Basi kwa miaka abiria akawa anakaguliwa kuingia Malaysia akiwa bado katikati ya Singapore, kisha anasafiri hadi Woodlands ndipo akaguliwe kutoka Singapore. Kwa makaratasi alikuwa ameingia nchi moja kabla ya kutoka nyingine.

Suluhu ilipatikana Mei 2010, viongozi wakiwa Najib Razak wa Malaysia na Lee Hsien Loong wa Singapore. Treni ya mwisho iliondoka Tanjong Pagar usiku wa tarehe 30 Juni 2011, ikiendeshwa na Sultani wa Johor mwenyewe. Hata hapo kukabaki swali moja: je, kampuni ya ubia ilipaswa kuilipa Singapore tozo ya uendelezaji wa ardhi kwenye viwanja vitatu vya awali? Hati ya 1990 haikulisema hilo kwa uwazi. Wakapeleka suala mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, nao wakaamua Oktoba 2014 kwamba tozo hiyo haidaiwi. Tangu saini ni karibu miaka 24. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwepo ila lilikuwa jepesi mno.

Linganisha na hati ya pili. Desemba 2016 nchi hizo hizo zilisaini mkataba wa treni ya mwendo kasi kati ya Kuala Lumpur na Singapore, kilomita kama 350. Safari hii waliandika kwa kina: nani ana jukumu gani, na upande mmoja ukisababisha mradi usiendelee, mwenzake atalipwaje gharama alizokwisha kuingia. Mwaka 2018 Malaysia ikapata serikali mpya iliyoona mradi ni ghali. Wakakubaliana kuusimamisha, na Malaysia ikalipa dola milioni 15 za Singapore kwa usimamishaji huo. Muda ukaongezwa hadi mwisho wa 2020, hawakuafikiana kuhusu mabadiliko yaliyotakiwa na Malaysia, na tarehe 31 Desemba 2020 mkataba ukafikia kikomo. Miezi mitatu baadaye ilitangazwa kwamba Malaysia imelipa fidia ya dola milioni 102.8 za Singapore.

Mradi ulikufa, na hilo ni hasara. Lakini uhusiano haukufa nao. Katikati ya mvutano huo, Julai 2020, nchi hizo ziliufufua mradi wao mwingine, njia fupi ya takribani kilomita 4 kati ya Johor Bahru na Woodlands, ambamo abiria atakaguliwa na nchi zote mbili anapopandia. Naamini ziliweza kufanya hivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa anadai kaporwa. Mlango wa kutokea ulikuwa umeandikwa tangu mwanzo, na bei yake ilijulikana.

Kwa hiyo ukisikia wajumbe wamekaa miezi sita kwenye ibara ya kuvunja mkataba na ya usuluhishi, usikasirike. Hiyo ndiyo miezi iliyotumika vizuri kuliko yote. Mimi hukasirika zaidi ninapoona rasimu iliyopitishwa kwa haraka ikisema tu kwamba "migogoro itatatuliwa kwa njia ya mazungumzo ya kirafiki". Sentensi hiyo haina tarehe, haina msuluhishi, haina mwisho. Inafaa kuwa hatua ya kwanza, miezi mitatu au sita, na baada yake lazima pawepo mtu wa tatu mwenye uwezo wa kuamua.

Baada ya saini bado kuna kuridhia, na hapo wananchi huingia. Usiidharau hatua hiyo. Uswisi, Italia na Ujerumani zilikuwa na mkataba wa reli ya Gotthard tangu 1869 na 1871. Uswisi ilipoitaifisha reli hiyo mwaka 1909, mkataba mpya ukawapa majirani masharti ya nauli na usafirishaji ambayo Waswisi wengi waliyaona yanaifunga nchi yao milele. Uliridhiwa mwaka 1913, lakini hasira haikuisha, na mwaka 1921 wakabadilisha katiba ili mikataba ya muda mrefu iweze kupelekwa kwenye kura ya wananchi. Mkataba wa reli ndio uliobadilisha katiba yao. Uingereza nayo ilisaini mkataba wa handaki na Ufaransa mwaka 1973, kisha ikajiondoa Januari 1975. Na shirika la reli likishaundwa kwa sheria pacha, yaani sheria moja katika kila nchi, kama TAZARA ambayo Tanzania na Zambia zinaimiliki nusu kwa nusu, kubadilisha kifungu kimoja kunahitaji mabunge mawili.

Sasa danadana. Swali la "mazungumzo yamefika wapi" ni rahisi sana kujibiwa kwa maneno matupu, kwa hiyo usiliulize. Mwombe mbunge wako aulize mambo ambayo hayana jibu la kupoza. Wajumbe wakuu wa kila upande wameteuliwa kwa barua rasmi, na ni wizara gani inayoongoza? Rasimu ya pamoja ipo, moja, au kila upande bado una ya kwake? Kikao cha mwisho kilikuwa lini, na kumbukumbu zake zilisainiwa na pande zote mbili? Upembuzi yakinifu umelipiwa kutoka kasma ipi ya bajeti? Si lazima waonyeshe yaliyo ndani ya mabano, kwa sababu msimamo wa mazungumzo ukivuja unamnufaisha upande wa pili. Lakini hayo niliyoyataja si siri. Mahali ambapo hakuna rasimu ya pamoja wala kasma baada ya miaka minne, hakuna mazungumzo. Kuna salamu.

Na kama utapata nafasi ya swali moja tu, uliza nukta ya kuvukia mpaka. Timu iliyokwisha kuifanya kazi hiyo itakutajia kilomita, mto au kilima, na tarehe wapimaji wa nchi mbili walipokwenda pamoja kupigilia alama.